Bina ni Nini? Juu ya Kufundisha Maneno Ambatani

Wengi waandikao katika kurasa kama hizi huleta habari za masomo yaliyofaulu: zana zilizotengenezwa kwa magunzi ya mahindi, nyimbo za kuhesabia, mashindano ya kusoma kwa sauti. Habari hizo zina faida, nasi tumezisoma kwa shukrani. Leo, hata hivyo, twaomba ruhusa ya wanachuo tueleze somo moja lililotuharibikia mikononi, katika shule moja ya msingi huko Bashay, wilayani Mbulu, mwaka 1984. Wakati huo Mbulu ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara haukuzaliwa mpaka mwaka 2002. Somo lilikuwa la Kiswahili, Darasa la Tano, na mada yake ilikuwa maneno ambatani, yaani maneno mawili yaliyoungana hata yakawa moja, kama garimoshi, pembetatu na mwananchi.

Asiyeijua nchi ile hana budi kwanza kuambiwa habari ya lugha zake. Watoto wengi wa Bashay huzaliwa katika Kiiraqw, ambacho ni lugha ya jamii ya Kikushi. Wapo na watoto wa Kidatoga, ambacho ni cha jamii ya Kiniloti. Na ukiteremka bonde la Yaeda utawakuta Wahadzabe, ambao lugha yao ina sauti za kudodosa kwa ulimi ambazo Mswahili hana herufi za kuziandikia. Ongeza Kiswahili, ambacho ni cha Kibantu. Ni sehemu chache sana za Afrika ambako lugha za asili mbalimbali kiasi hicho hukaribiana hata zikasikika katika mnada mmoja. Kiswahili kwa mtoto wa huko, hasa katika miaka ile, kilikuwa lugha ya duka, ya kanisa, ya redio, na zaidi ya yote lugha ya shule.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtoto wa Tanga au wa Unguja akifundishwa neno na mwalimu wake, jioni aweza kulipeleka kwa bibi yake likapimwa, na kama mwalimu amekosea bibi atacheka na neno litarudi shuleni limenyooshwa. Mtoto wetu wa Bashay alikuwa hana pa kulipeleka. Baba na mama yake walikijua Kiswahili cha kuuzia ng'ombe na kununulia chumvi, nao waliamini kuwa Kiswahili kilicho safi ndicho kinachotoka kwa mwalimu. Tulichokiandika ubaoni ndicho kilichokuwa Kiswahili. Hapakuwa na rufani.

Basi tuliingia darasani asubuhi moja na orodha yetu, tukaanza kupasua maneno kama mtu apasuavyo kuni. Kazi ilianza vizuri. Pembetatu haikuwa na shida, maana ipo ubaoni na pembe zake zahesabika. Kwa garimoshi tulipata kicheko cha kwanza. Tulipouliza neno hilo limetoka wapi, msichana mmoja alijibu upesi kwamba ni gari liendalo Moshi. Jibu hili halikuwa la kijinga hata kidogo. Darasani mle hakuna aliyewahi kuona garimoshi, ilhali mabasi ya Arusha na Moshi kila mtu aliyasikia yakitajwa. Tulieleza kwamba hapo zamani watu walisema gari la moshi, kwa sababu lilikuwa likivutwa na injini ya mvuke iliyotoa moshi mwingi. Kisha lile "la" likaanguka, maneno mawili yakashikana, na jina limebaki hata baada ya injini za dizeli kuushika usukani. Watoto walifurahi. Nasi tulifurahi, na hapo ndipo tulipojisahau.

Neno lililofuata katika orodha lilikuwa mwanadamu. Hatukuwa tumelitafuta popote jana yake. Tuliliona limekaa wazi mbele yetu, mwana upande huu na damu upande huu, tukalipasua palepale: mwana, jumlisha damu. Maelezo nayo yalikuja yenyewe, tena kwa utamu. Tuliwaambia kwamba mwanadamu ni mwana wa damu, maana sote huzaliwa kwa damu, na damu ya Mwiraqw na ya Mdatoga ukiimwaga katika bakuli moja hakuna awezaye kuitenganisha. Katika miaka ile ya mafundisho ya udugu, maneno kama hayo yalikuwa hayahitaji kutetewa. Darasa zima liliandika daftarini.

Ndipo mvulana mmoja wa dawati la nyuma alipoinua mkono. Alikuwa mtoto mkimya, mchunga mbuzi hodari, mwenye Kiswahili cha kuhesabiwa. Aliuliza, "Mwalimu, mbuzi naye ana damu. Mbona haitwi mwanadamu?"

Wenzake walicheka, nasi tukacheka pamoja nao, tukajibu kwamba mbuzi si mwana wa mtu. Yule mtoto hakuketi. Alitazama ubaoni kwa muda, kisha akasema polepole, kama mtu ahesabuye mifugo inayoingia zizini, "Na binadamu, mwalimu? Damu nikiitoa, inabaki bina. Bina ni nini?"

Hatukuwa na jibu. Wanachuo ambao hamjasimama bado mbele ya watoto hamsini mtajifunza hivi karibuni jinsi kimya cha namna hiyo kinavyochoma. Twaeleza yaliyofuata bila kujitetea: tulimwambia kuwa ameleta ubishi, tukamwamuru asimame pale alipo mpaka mwisho wa kipindi. Alisimama. Zilibaki dakika ishirini hivi. Tulipasua maneno mengine matano ambayo sasa hatuyakumbuki, na katika dakika hizo zote yule mtoto aliangalia bao la dawati lake, wala hakuuliza tena.

Swali lake lilitufuata nyumbani. Bina ni nini? Tulilipeleka kwa walimu wenzetu. Mmoja alisema huenda ni Kiarabu cha jambo fulani, mwingine akasema watoto wa siku hizi wamezidi. Jumamosi tulikwenda kwenye duka dogo la senta, ambako alikaa mzee mmoja fundi cherahani, mwenyeji wa Pangani, aliyekuja nchi zile akiwa kijana na kuzeeka hukohuko. Tulikuwa na suruali ya kutiwa kiraka. Tulimwamkia, akaitikia, akatukaribisha kigoda. Alikuwa akiwalalamikia wateja wasiolipa, na katika malalamiko yake akasema, kama watu wa pwani wasemavyo, kwamba binaadamu hana shukrani. Alilivuta neno lile katikati, "binaadamu", kwa sauti ndefu ambayo sisi wa bara hatuivuti.

Tulimwuliza, "Mzee, samahani. Hiyo bina ni nini?"

Aliinua uso kutoka kwenye mashine yake. "Hakuna bina, Mwalimu. Kuna bin. Fulani bin fulani. Hujaandika majina ya watoto wa Kiislamu katika daftari lako la mahudhurio?"

"Tumeyaandika."

"Basi. Bin ni mwana. Sasa mwana wa nani? Bin Aadamu. Mwana wa Adamu, baba yetu sote." Akarudi kwenye kiraka chake. Kwake yeye hilo halikuwa elimu. Lilikuwa kama kuambiwa kuwa maji ni maji.

Tulikaa juu ya kigoda kile hali tumepigwa na butwaa. Yule mtoto alikuwa ameliona kwa jicho tupu jambo ambalo mwalimu wake alishindwa kuliona. Alikuwa ameona kwamba neno likipasuliwa kwa haki halibakizi kipande kisicho na mwenyewe. Bina hakuwa na mwenyewe kwa sababu ile a ya mwisho haikuwa yake, ilikuwa ya Adamu. Tukipasua bin na Adamu, kila herufi inapata nyumba. Na kama neno lingekuwa limetokana na damu, basi bin na damu vingetupa "bindamu", neno ambalo halipo.

Hapa twaomba msomaji atuvumilie tulichambue kidogo, maana ndani yake ndimo mlimo na faida kwa mwalimu. Maneno binadamu na mwanadamu ni ndugu. Binadamu ni Kiarabu kitupu: bin, yaani mwana, na Adamu. Mwanadamu ni neno hilohilo ambalo nusu yake imetafsiriwa na nusu yake imeachwa: bin imefasiriwa kwa neno letu la Kibantu, mwana, na Adamu amebaki Adamu. Mwana Adamu ikisemwa upesi, a ya mwana na A ya Adamu hugongana na kumezana, ikawa mwanadamu. Katika kumezana huko ndiko kulikofichwa ushahidi. Ukilitazama mwanadamu peke yake huwezi kujua kama ni mwana na damu au mwana na Adamu, maana yote mawili hutoa sura ileile. Neno hilo haliwezi kujitolea ushahidi. Ni lazima umwite nduguye, binadamu, naye aseme, maana katika binadamu hakuna a mbili za kumezana. Bin huishia kwa n, na a iliyobaki yasimama mahali pa wazi. Mvulana yule hakuwa na vitabu vyovyote, lakini alifanya hivyo hasa: alimwita ndugu.

Ushahidi mwingine upo kwa wingi kwa atakaye kuutafuta. Unguja na pwani wako wengi waandikao binaadamu na mwanaadamu kwa a mbili hata leo. Katika Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, ambayo kila nyumba ya Mkristo wa Mbulu iliijua, maneno haya yamo kwa sura zote mbili: katika Injili limeandikwa Mwana wa Adamu, maneno matatu yaliyoachana, na katika kitabu cha Ezekieli limeandikwa mwanadamu, neno moja lililoshikana. Kiebrania chenyewe husema ben adam, ambalo na ibn Adam la Kiarabu ni watoto wa tumbo moja. Tulikuwa na kitabu hicho rafuni miaka yote ile, tukapita juu ya neno hilo mara zisizohesabika bila kuliona. Kadhalika katika Kihindi na Kiurdu mwanamume huitwa aadmi, na katika Kituruki mtu huitwa adam. Jina la baba mmoja limekuwa jina la kila mtu katika nchi nyingi.

Na hesabu ya wingi nayo husema. Husemwa mwanadamu mmoja, wanadamu wawili, kwa kuwa mwana ni neno letu na hukubali kubadilika kichwani. Lakini husemwa binadamu mmoja, binadamu wawili. Mtoto akiandika "mabinadamu", mwalimu humkata kwa kalamu nyekundu bila kumweleza sababu, na sababu ni kwamba bin si lenye kiambishi chetu. Waarabu wenyewe wana wingi wake, bani Adam, lakini sisi hatukuuchukua. Tulichukua mmoja tukamtumia kwa wote.

Katika miaka ya baadaye, mgeni mmoja kutoka Ufini alipita chuoni tulipokuwa tukifundisha, nasi tukamsimulia kisa hiki wakati wa chai. Alicheka akasema kwao lipo neno lililoumbwa na kukosewa vivyo hivyo. Lile joka la hadithi, litemalo moto na kuruka angani, Wafini huliita lohikäärme. Mtoto wa Kifini akilipasua hupata lohi, ambaye ni samaki, yule samoni wa maji baridi, na käärme, ambaye ni nyoka. Nyoka-samaki! Watoto wa kule huchora, huuliza, hushangaa samaki anafanya nini angani. Lakini neno hilo latoka katika Kiswidi cha kale, floghdraki, joka lirukalo. Wafini walitafsiri nusu ya pili kwa neno lao la nyoka; nusu ya kwanza, ambayo ilikuwa na maana ya kuruka, hawakuitafsiri, waliichukua kwa sikio tu. Na kwa kuwa ulimi wao wa zamani haukupenda kuanza neno kwa fl, f ikaanguka, na kilichobaki kikafanana na jina la samaki waliyemjua sana mitoni mwao. Samaki akaingia katika joka kama damu ilivyoingia katika mwana wa Adamu: nusu imetafsiriwa, nusu imebebwa, na sikio likaijaza nusu iliyobebwa kwa kitu kilicho karibu. Twakiri kwamba tulipata faraja isiyo haba kusikia kwamba taifa zima lenye vyuo na makamusi limeliacha kosa kama letu likaketi katika kamusi.

Faraja hiyo tusiitegemee mno. Ni kweli kwamba lugha nzima ikikosea pamoja, kosa hugeuka kuwa kanuni. Neno kitabu ni la Kiarabu, kitab, na ile ki ni sehemu ya mzizi wake. Lakini Waswahili waliisikia kama ki ya kisu na kiti, wakatengeneza vitabu, na leo asemaye vingine ndiye mkosaji. Mwalimu ni mu'allim. Sikio la Kibantu lilisikia m ya mtu, likatengeneza walimu, na sisi sote twala mshahara kwa jina lililozaliwa hivyo. Mtu aweza kuuliza, basi mwana wa damu ana kosa gani? Jibu letu ni hili. Waliosema vitabu hawakudai kueleza historia ya neno. Walikuwa wakisema tu. Mwalimu asimamaye ubaoni na kusema "neno hili limetokana na hili" anatoa habari ya jambo lililotukia, sawasawa na asemaye kwamba Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967. Ama lilitukia ama halikutukia. Utamu wa maelezo si ushahidi. Kwa uzoefu wetu, maelezo yakiwa matamu mno ndipo yafaapo kutiliwa shaka. Zaidi ya hayo, hata ule udugu tuliokuwa tukiutafuta ulikuwamo humohumo katika neno la kweli. Wana wa baba mmoja hawahitaji kumwaga damu katika bakuli ili wajuane.

Jumatatu tulirudi darasani. Usiku wake mwenzetu mmoja alitushauri tuliache jambo hilo lipite, akisema mwalimu akikiri kosa mara moja, watoto watamtafutia la pili, na darasa lililoonja kumsahihisha mwalimu halitawaliki tena. Hatuwezi kusema kuwa hofu hiyo haikutugusa. Lakini tulifikiri juu ya madaftari hamsini yaliyokuwa yamelala katika nyumba za Bashay, kila moja limeandikwa mwana jumlisha damu, na kwamba baadhi ya watoto wale siku moja wangekuwa walimu.

Tuliandika ubaoni binadamu na mwanadamu, tukawaambia watoto: juma lililopita tuliwafundisha jambo ambalo si kweli. Wafungue madaftari, wapige mstari. Kimya kilikuwa kikubwa. Kisha tulimtaja yule mvulana kwa jina lake, tukasema mbele ya wenzake kwamba swali lake lilikuwa sahihi, na kwamba alisimamishwa kwa sababu ya ujinga wetu sisi wala si kwa utovu wake wa adabu. Hakutabasamu. Aliinamisha kichwa, akapiga mstari wake kama wengine.

Baada ya hapo tulifanya jambo ambalo wakati ule halikuwa desturi: tuliwauliza watoto jinsi maneno yanavyoungana katika lugha ya nyumbani. Tuliwauliza jina la nchi ile ya milimani, upande wa Kainam na Murray, ambako Wairaqw husema ndiko shina lao. Wakajibu wote kwa pamoja: Irqwar Da'aw. Maana yake? Wairaqw wa mashariki. "Wa" iko wapi? Walitafuta, na mara hii mikono ilikuwa mingi. Iko mkiani mwa neno la kwanza, katika ile r. Basi waliona wenyewe kwamba Kiswahili kikitaka kumfunga mwana kwa Adamu huweka "wa" katikati; Kiiraqw hufungia mkia wa neno la kwanza; Kiarabu huyaweka maneno mawili bega kwa bega tu, bin Adamu, na ukaribu wenyewe ndio kamba. Na Kiswahili kikichoka kusema "wa" na "la", nacho huyaweka bega kwa bega, ndipo tunapopata garimoshi. Katika robo saa ile walielewa maneno ambatani kuliko juma zima lililotangulia. Mpaka leo twasikitika kwamba tuliiona lugha ya nyumbani kwao kama tope la kufutia miguu mlangoni, ilhali ilikuwa ndiyo ngazi.

Msichana yule wa gari liendalo Moshi aliinua mkono. "Mwalimu, na Hawa? Mbona hatuitwi wana wa Hawa?" Tuliwaachia wajadiliane. Wavulana walisema mtoto ni wa baba. Wasichana wakauliza ni nani basi abebaye mimba. Kengele ilipigwa kabla hawajapatana, nasi hatukuona sababu ya kuwapatanisha.

Tangu siku hiyo tumefundisha maneno ambatani kwa namna nyingine, na twaieleza hapa kwa wanachuo kwa kuwa ni rahisi na haihitaji fedha. Hatusemi neno limetokana na nini kabla ya darasa kulijaribu. Watoto hulipasua, kisha huulizwa kama kuna kipande kilichobaki bila maana. Mtoto mmoja alipata kulipasua mwandishi akapata mwana na "dishi". Hakuna haja ya kumcheka, mwulize tu wingi wake. Waandishi: ile mw imekuwa wa, na kinachobaki ni andishi, mtoto wa kuandika, basi mwana hayumo kabisa. Kwa mwanamke wingi ni wanawake, pande zote mbili zimebadilika, na hapo mwana yumo kweli. Kisha huulizwa kama neno lina ndugu: mwananchi, mwanajeshi, mwanamaji. Hapa hujitokeza kwamba mwana si mtoto tu, ni mtu wa jambo fulani au mwenye kushughulika nalo, maana mwanamaji huweza kuwa babu mwenye mvi. Mwanafunzi naye hupasuka kwa shida kidogo, kwa kuwa "funzi" haisimami peke yake, lakini ndugu zake wapo, mafunzo na mkufunzi. Hata ninyi mnaosoma kurasa hizi mwaitwa wanachuo. Nanyi mwaweza kujiuliza chuo ni nini, maana zamani neno hilo lilimaanisha kitabu, kama lilivyo katika jina la Chuo cha Herekali, ule utenzi ulioandikwa mwaka 1728. Na tukishindwa, hatusemi kitu cha kubuni. Twaliandika neno pembeni mwa ubao na kulizungushia duara, likae hapo mpaka mtu apate habari.

Mwenzetu aliyetuonya hakukosea katika kila jambo. Maswali yaliongezeka, na mengine yalikuwa ya kuchosha. Kulikuwa na juma zima ambalo kila mtoto alitaka kupasua jina la kijiji chake kwa Kiswahili, jambo lisilowezekana, maana majina yale si ya Kiswahili. Lakini aliyetuhuzunisha ni yule mvulana. Muhula ulikwenda naye hakuinua mkono. Alijibu alipoulizwa, kwa sauti ya chini, kisha akaketi. Tulifikiri kwamba yale maneno yetu ya Jumatatu yalitosha. Kumbe dakika ishirini za kusimama mbele ya wenzako hazifutwi kwa mstari wa daftarini.

Karibu na kufunga shule tuliwapa kazi ya nyumbani, maneno sita ya kupasua. La mwisho lilikuwa kifaurongo. Tuliliweka kwa makusudi, kwa kuwa hatukutegemea kwamba yupo Bashay aliyewahi kulisikia, na sisi wenyewe tulilijua kwa kamusi tu. Asubuhi ya pili watoto walileta madaftari. Wengi waliliacha tupu. Wachache waliandika ki, fa na urongo, wakaongeza kwamba urongo ni uongo, lakini hawakujua ni kitu gani hicho kifacho kwa uongo.

Yule mvulana alibaki nyuma wenzake walipotoka kwenda mapumzikoni. Alikuja mezani bila daftari. Alitoa mfukoni kisanduku cha kiberiti, akakifungua, akamtoa mdudu mweusi mwenye gamba gumu, akamweka juu ya meza. Mdudu akaanza kutembea kuelekea wino. Mtoto akamgusa mgongoni kwa kidole. Mdudu akakunja miguu yote, akapinduka, akalala chali kama mfu.

"Mwalimu," akasema, "si huyu?"

Tulimtazama mdudu pamoja, vichwa vimeinama, mpaka alipoanza tena kuchezesha mguu mmoja.